Mvua ya Tukuyu na antonimu ya "light"

Form two ilikuwa inatisha kwa sababu moja tu, mtihani wa taifa. Enzi zetu ukifeli unarudia darasa, na masomo yote ukitoa Kiswahili yalikuwa yanafundishwa kwa Kiingereza, sa mtu katoka shule ya msingi miaka saba amesoma Sayansi kwa Kiswahili afu anakutana na osmosis, hapo kama maneno huna ndo basi tena, hata Bailojia unafeli, na sio kwamba hujui mmea unanyonyaje maji, swali lenyewe ndo hulielewi.

Madam wetu wa Kiingereza alilijua hilo. Kila Jumatatu anajaza ubao safu nne: neno, sinonimu (lenye maana sawa), antonimu (kinyume chake), na sentensi uliyotunga mwenyewe, idiomu, yaani nahau, zinakaa pembeni kwa chaki nyekundu. Ijumaa anatupima. Kamusi ya TUKI ya Kiingereza-Kiswahili, ile iliyotoka 1996, ilikuwepo moja tu shule nzima, unaiazima mchana na kuirudisha kabla ya kengele, na imechanika kuanzia herufi W kwenda mbele kwa hiyo maneno ya mwisho tulikuwa tunabahatisha.

Ilikuwa 2004, masika, shule iko maeneo ya Tukuyu (jina naliacha). Madam akaandaa shindano la form two A na B, Jumamosi jioni bwaloni, watu watatu kila upande. A walikuwa na jamaa mmoja aliyesoma inglishi midiamu Mbeya mjini, ung'eng'e unamtiririka puani, na yeye tu alitosha kututia tumbo joto. Sisi B tulikuwa na dada mmoja mwepesi wa kujibu, mimi, na jamaa tuliyemwita Mwaisa.

Mwaisa kwao Busokelo ndani ndani huko, na kama Wanyakyusa wengi wa kwao, r kwake inakuwa l, Rungwe ni Lungwe. Kuna siku alisoma kwa sauti sentensi yenye "rice" ikatoka "lice", yaani chawa, darasa likamcheka wiki nzima na toka hapo hakunyoosha mkono tena. Ila daftari lake nililiona maana tulilala kitanda kimoja cha dabodeka, ye chini mi juu. Kila neno la Madam kalipa ukurasa, chini yake maana zote alizozikuta kwenye kamusi, na kila maana ina kasentensi kake, kurasa za mwisho zimeungua pembeni kwa koroboi. Mi ndo nilimpendekeza, wenzangu wakanuna.

Shindano likaanza, Madam anatamka neno, anayewahi kugonga meza anajibu. Jamaa wa A akawa anagonga kabla neno halijaisha. Brave, courageous! Enemy, foe! Tukaachwa mbali, Mwaisa anajua ila haongei, nikimkanyaga mguu anatikisa kichwa tu.

Afu mvua ikaja. Asiyewahi kuishi Tukuyu hawezi kuelewa, pale inanyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, ticha wa Jiografia ambaye siku hiyo ndo mtunza muda alishatuchosha na habari za upepo wa Ziwa Nyasa kupanda milima na kumwaga maji kwetu. Bwalo la bati, dari hamna. Madam anafungua mdomo tunaona meno tu. Wengine wakapiga ishara kwamba tuahirishe, Madam akaandika ubaoni kwa herufi kubwa kwamba kwenye mtihani wa Novemba hakuna atakayewasomea maswali, kisha akaanza kuandika maneno moja moja na kila timu inajibu kwenye karatasi.

Mwaisa akaichukua kalamu mkononi kwangu bila hata kuomba.

Antonimu zilikuwa "light", "right", "old" na "short". A wakajaza haraka: dark, wrong, young, long. Mwaisa kila neno akaweka majibu mawili, dark na heavy, wrong na left, young na new, long na tall, na pembeni kila jibu na kasentensi kake kadogo. Ticha wa Jiografia kuliona tu karatasi akapiga mkasi, majibu mawili ni kubahatisha, sifuri. Madam akamnyang'anya kalamu ya wino mwekundu. Akarudi ubaoni akaandika "This bag is light", yaani begi ni jepesi, akamwonyesha dark ya A, akauliza kwa mikono, begi lina giza? Bwalo zima likapiga kelele ambayo kidogo ishinde mvua. Akaendelea na "my right hand", "an old house", "a short man", kote A wamekosa na kote B wamo.

Jamaa wa inglishi midiamu akasimama juu ya benchi anapinga kwamba sentensi zimeletwa baada ya majibu, hapakuwa na sentensi! Hakuna aliyemsikia.

Idiomu zikaja tukiwa sawa. "Once in a blue moon" wote tukapata. Madam alipoanza kuandika "raining cats and dogs", yaani mvua kubwa sana, ticha wa Jiografia akamzuia kwa kunyoosha kidole kwenye bati, watu wakacheka, ikafutwa. Ya mwisho "burn the midnight oil". A wakaandika to waste kerosene, kupoteza mafuta ya taa, na mi nikiangalia hiyo idiomu mpaka leo naona jibu lao lina mantiki yake. Mwaisa akaandika to read or work until very late at night, kusoma au kufanya kazi mpaka usiku sana, nadhani hata hakufikiria.

Zawadi kaunta buku mbili na peni, tukamwachia zote. Jumatatu akanyoosha mkono, akasoma, r zake zikatoka l zilezile, wachache wakacheka, akaendelea kusoma mpaka nukta.

A hawajakubali mpaka leo. Mwaka jana kwenye grupu la WhatsApp la darasa yule jamaa, sasa hivi wakili, katutumia voisi ndefu kwamba ushahidi hauletwi baada ya hukumu. Na kisheria sijui, ila kwa lile swali la begi nadhani ana hoja, Madam alitubeba. Mwaisa akamjibu kwa neno moja, "appeal", rufaa, afu chini yake akaongeza maana zake zote.