Namna Tulivyomchagulia Binti Yetu Shule Jijini Washington

Binti yetu alipokaribia kutimiza miaka mitano, mimi na mke wangu tuligundua kwamba katika jiji la Washington, tulikohamia kikazi kutoka Moshi, kutafuta shule isiyo na ada kunaweza kumkosesha mzazi usingizi kuliko kutafuta ada yenyewe. Mtaani kwetu Petworth ipo shule ya serikali, mwendo wa dakika saba kwa miguu, ambayo kuanzia chekechea inawajibika kumpokea kila mtoto anayeishi ndani ya mpaka wake. Hata hivyo, majirani wenye kipato kama chetu waliipita kila asubuhi wakiwapeleka watoto wao katika shule za mkataba, yaani shule zinazogharimiwa na fedha za umma lakini zinazoendeshwa na bodi zao zenyewe, nje ya idara ya shule za jiji. Shule hizo zilianza kufunguliwa hapa mwaka 1996, na sasa zinasomesha karibu nusu ya wanafunzi wa shule za umma jijini.

Shule ya mkataba haina mpaka wa mtaa, na maombi yakizidi nafasi, watoto hupangwa kwa bahati nasibu ya pamoja, iliyoanzishwa mwaka 2014, ambapo mzazi huorodhesha hadi shule 12. Nilipomweleza mama kwa simu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, hata shule siku hizi mnachezea bahati nasibu?" Sikuwa na jibu.

Tulianza vibaya, kwa kupanga orodha kwa hila. Mfanyakazi mwenzangu alikuwa ametuonya tusiiweke juu shule inayogombewa sana, eti tungepoteza nafasi yetu ya kwanza bure. Nilipokaa usiku mmoja kuzisoma kanuni, nikaona kwamba anayekosa chaguo la kwanza huangaliwa katika la pili bila kuwekwa nyuma ya wale walioliandika la kwanza, kwa hiyo hila haina faida yoyote. Jambo la kuangalia ni jingine: ukipata chaguo la tatu, unabaki kwenye orodha za kusubiri za mawili yaliyo juu yake, lakini yote ya chini yanafutwa. Tuliichana karatasi yetu na kuandika upya shule tulizozitaka kweli, kwa mpangilio tuliozitaka.

Ya kwanza ilikuwa shule ya mkataba iliyoko Brookland, inayofundisha kwa Kiingereza na Kihispania. Tulipoitembelea, mke wangu aliipenda tangu mlangoni. Lakini haikuwa na basi la wanafunzi, hivyo Jumanne moja tuliamua kuijaribu safari yenyewe: treni hadi Fort Totten, kubadilisha njia, treni tena hadi Brookland, halafu kutembea. Tulitumia dakika hamsini, mtoto akisinzia begani kwangu, na mke wangu, ambaye ni muuguzi, alikuwa ametoka zamu ya usiku.

Wiki hiyohiyo ndipo nilipoingia kwa mara ya kwanza katika shule ya mtaani, ambayo nilikuwa nimeihukumu kwa wastani wake wa mitihani bila kujiuliza kama wastani ule unapima walimu au unapima vipato vya wazazi. Naona aibu kulisema hili, maana nami nilisoma shule ya msingi ya serikali. Nilimwuliza mwalimu mkuu walimu wake hukaa miaka mingapi, na watoto wanaoingia bila kujua kusoma hufika wapi baada ya mwaka mmoja. Alijibu yote mawili bila kuzungukazunguka, kisha akaniruhusu nikae nyuma ya darasa la chekechea kwa saa nzima.

Matokeo yalipotoka mwishoni mwa Machi, Brookland tulikuwa wa 38 kwenye orodha ya kusubiri, tukamwandikisha binti yetu mtaani. Mwezi Agosti simu ikapigwa: nafasi imepatikana, tujibu ndani ya siku mbili. Mke wangu aliniuliza, "Baba watoto, unasemaje?" Tulizungumza hadi saa sita usiku, na asubuhi yeye mwenyewe ndiye aliyewapigia kuwaambia wampe anayefuata.