Inajengeka vizuri, ikiwashwa inaanguka: jinsi nilivyotatua

Programu yangu ya Java ilijengeka bila kosa hata moja, lakini kila nikiiwasha inaanguka: NoSuchMethodError, yaani mbinu (method) inayoitwa haipatikani. Nusu siku nzima nikaupekua msimbo wangu, kumbe maskini hauna hatia. Nilipoendesha `mvn dependency:tree -Dverbose`, amri ya Maven (zana ya kujenga programu za Java) inayoonyesha mti wa maktaba zinazotegemewa, ndipo nikaona maktaba ya Guava imeingia kwa njia mbili: toleo 19.0, na 31.1-jre iliyoandikwa “omitted for conflict with 19.0” (imeachwa kwa kugongana na 19.0). Maven haijali lipi jipya. Huchukua toleo lililo karibu zaidi na mzizi wa mti, yaani programu yenyewe; ndiyo maana nikapata 19.0 ya zamani, isiyo na mbinu iliyoitwa. Gradle, zana nyingine ya aina hiyo, yenyewe kwa kawaida huchukua la juu. Nikaweka 31.1-jre ndani ya dependencyManagement, sehemu ya kupangia matoleo kwenye pom.xml (faili la mipangilio la Maven), nikajenga upya. Ikawaka, na mti sasa unasema “version managed from 19.0” (toleo limebadilishwa kutoka 19.0).