Bili ya Kupumua

Bili ya hospitali imefika juzi: dola elfu moja mia nane na ushee, na hapo bima imeshatoa chake. Nyie mnaojenga Chanika mnajua hela hiyo inashusha tofali ngapi. Na mimi nimelipia nini? Kuambiwa nipumue.

Nilikuwa shifti ya usiku, nyumba ya wazee hapa Worcester, Massachusetts. Namgeuza bibi mmoja kitandani, ghafla moyo mbio, kifua kimebana, vidole ganzi, kijasho chembamba. Nikasema basi, nafia ugenini. Hospitali wakanipima moyo, wakachukua damu, kila kitu safi. Daktari akasimama mlangoni, akasema ni wasiwasi tu, akaenda zake.

Aliyenifaa ni nesi mmoja mtu mzima. Alivuta kiti, akaniambia nivute pumzi kwa hesabu ya 4, niitoe kwa hesabu ya 6, taratibu kama napuliza chai ya moto. Mwili ukidhani uko hatarini, alisema, unamwaga homoni ya adrenalini, unaanza kuhema juu juu, kabonidayoksaidi inapungua kwenye damu, na ganzi ya vidole inatokea hapo. Pumzi ndefu ya kutoa inayapunguza mapigo. Kishindo cha wasiwasi chenyewe hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka. Maneno hayo yangetoka kwa yule wa mlangoni, hata bili isingeniuma hivi.

Kumbe mambo haya yana historia mji huu huu. Mwaka 1979 mtaalamu wa baiolojia, Jon Kabat-Zinn, alianzisha hapa, kwenye chuo cha udaktari, mafunzo ya kutuliza akili kwa kuufuatilia mwili na pumzi. Siku hizi huchukua wiki 8. Zoezi mojawapo ni kula zabibu kavu moja: unaitazama, unainusa, unaiweka ulimini, ndipo unatafuna, pole pole. Zabibu moja! Mwambie mtu wa Dodoma uone atakavyokutazama. Nimelijaribu kwa karanga. Kodi ya nyumba inatoka kichwani kidogo, halafu inarudi, lakini inarudi bila kishindo.

Msinielewe vibaya: kifua kikibana, nenda ukapimwe kwanza, usijitibu kwa WhatsApp. Marekani sheria ya 1986 inawalazimu watu wa dharura hospitalini wakuangalie hata kama huna senti. Bili ndiyo itakufuata. Ikija, omba fomu ya msaada wa malipo kabla hujatoa chochote. Hospitali zisizo za faida lazima ziwe na utaratibu huo, ila uliza mwenyewe, usingoje kukumbushwa. Na wewe unayepanga kuja kubeba boksi, ulizia bima kabla ya kuulizia mshahara.

Nyumbani nimeambiwa nawaza sana, mwingine kashauri nikasomewe. Dua siikatai. Lakini kinachonikosesha usingizi nakijua: karatasi, shifti juu ya shifti, na simu. Kiangazi cha Marekani, Bongo ikiwa saa moja asubuhi, huku ni saa sita usiku, na simu ya saa hizo ni msiba au ada. Sasa ikiita nakaa kwanza, nakanyaga sakafu kwa nyayo zote, natoa pumzi ndefu mara mbili tatu, ndipo napokea. Mdogo wangu analalamika siku hizi nachelewa, eti nakwepa mizinga ya kuombwa hela. Na mizinga nayo, kwa kweli, naikwepa.