Anayeteua kamati ndiye wa kufundishwa kwanza

Mafunzo ya uchunguzi kwa watumishi wa umma huwa na kasoro moja ya kudumu: anayeteua kamati hayumo darasani. Mkurugenzi hufungua semina saa tatu asubuhi, hupiga picha ya pamoja, huondoka. Wanaobaki ni afisa utumishi, mkaguzi wa ndani, mwanasheria na mtu wa TEHAMA, ambao siku tano baadaye watarudi ofisini na kukabidhiwa barua ya uteuzi iliyoandikwa vibaya. Hapo hata mchunguzi hodari hana la kufanya, kwa sababu mashauri mengi ya nidhamu huvunjikia kwenye karatasi ya kwanza.

Nazungumzia uchunguzi wa kiutawala katika halmashauri na taasisi za umma Tanzania. Wa jinai una wenyewe: Polisi, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kwa sheria Na. 11 ya 2007. Wa kiutawala unasimama juu ya Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura 298, na Kanuni zake za 2022 zilizochukua nafasi ya zile za 2003. Kama kosa ni la mwaka huu na hati ya mashtaka bado inataja vifungu vya Kanuni za 2003, jua mtu amekopi hati ya zamani na kubadilisha jina tu. Mwanasheria wa mtumishi ataliona hilo kabla hajamaliza kikombe cha chai.

Kwa hiyo nusu siku ya kwanza iwe ya wateuzi peke yao, mlango umefungwa, na kazi yao iwe moja: kuandika barua ya uteuzi. Wape mfano huu waukosoe:

"Umeteuliwa kuwa Mwenyekiti wa Kamati ya kuchunguza wizi wa mapato uliofanywa na Mtendaji wa Kata. Taarifa iletwe haraka."

Barua hiyo imeshahukumu kabla ya kuchunguza. Haina kipindi, haisemi mashine ipi ya POS, yaani ile ya kielektroniki ya kukusanyia mapato, wala chanzo kipi cha mapato, haitoi ruhusa ya kuomba nyaraka benki au kwa mtunza kumbukumbu, na "haraka" haina tarehe. Hadidu za rejea, yaani maelekezo na mipaka ya kazi ya kamati, zinazofanya kazi husomeka hivi:

"Kuchunguza kama makusanyo yote yaliyopita kwenye mashine ya POS ya Kata kati ya tarehe 1 na 31 Machi yaliwasilishwa benki, kama hayakuwasilishwa, ni kiasi gani, kilikuwa mikononi mwa nani kwa siku zipi, na utaratibu upi haukufuatwa."

Chini yake ziongezwe tarehe ya mwisho, jina la anayepokea taarifa, na sentensi inayoitaka kamati irudi kwa mteuzi kwa maandishi ikikuta jambo nje ya hadidu. Sentensi hii ya mwisho ndiyo husahaulika. Bila hiyo, kamati iliyotumwa kuangalia POS huishia kwenye mafuta ya gari na posho za mwaka juzi, na miezi mitatu baadaye hakuna hata moja lililokamilika.

Wateuzi waondoke pia na jibu la maswali mawili. Nani ni mamlaka ya nidhamu kwa kada ya mtumishi huyu? Na je, niliowateua wana undugu, deni, ugomvi au shamba la pamoja naye? Tamko la mgongano wa maslahi lisainiwe kabla jalada halijafunguliwa. Aliyefanya uchunguzi wa awali asikae tena kwenye kamati ya uchunguzi inayoundwa baada ya mashtaka. Usimtume afisa wa chini kumhoji bosi wake. Atahoji kwa adabu mno, au kwa kisasi.

Sasa darasa lenyewe. Idadi nzuri ni watu 24, vikundi sita vya wanne, wawezeshaji wawili. Ukizidisha hapo, siku ya mahojiano nusu ya watu watakuwa watazamaji. Na kwenye kila kikundi awepo mtu wa masijala, ofisi inayotunza majalada. Huwa wanaachwa kwa kisingizio kwamba "si wachunguzi", wakati wao ndio wanaojua folio namba 14, yaani karatasi yenye namba hiyo ndani ya jalada, ilitolewa lini, na nani alilichukua jalada siku hiyo. Jalada la uchunguzi lisilo na folio mfululizo ni mfuko wa karatasi.

Badala ya slaidi, tumia jalada moja la mazoezi kwa siku zote tano: kurasa 60 hivi, limejaa makosa uliyoyapanda kwa makusudi. Huu ni mfano wa kubuni ambao unafaa kwa halmashauri yoyote. Ripoti ya mfumo inaonyesha POS ya kata ilikusanya shilingi 4,860,000 mwezi Machi. Taarifa ya benki inaonyesha 3,215,000. Tofauti ni 1,645,000, na mtendaji ameshasimamishwa. Waambie vikundi viandike matokeo ndani ya dakika 20. Karibu vyote vitaandika kwamba mtendaji alitumia fedha mbichi, yaani makusanyo kabla hayajapelekwa benki, 1,645,000.

Kisha toa nyaraka zilizobaki, moja moja. Taarifa ya benki ya Aprili: tarehe 2 ziliingia 640,000 kwa namba ya malipo iliyotolewa Machi 31. Imebaki 1,005,000. Orodha ya miamala iliyofutwa, yenye idhini ya mhasibu wa mapato: 215,000. Imebaki 790,000. Fomu ya likizo: mtendaji hakuwepo tarehe 17 hadi 21, na siku hizo mashine ilikusanya 310,000. Daftari la makabidhiano ya mashine halina saini yoyote ya tarehe 17, lakini picha iliyomo jaladani inaonyesha neno la siri limebandikwa kwa stika nyuma ya mashine. Imebaki 480,000 ambayo mtendaji anapaswa kuitolea maelezo yeye mwenyewe, na 310,000 inayohitaji kuulizwa kwa mtu mwingine ambaye hadi sasa hakuna aliyemtaja.

Zoezi hili hufundisha kuliko saa nne za nadharia. Washiriki huona wenyewe kwamba hati ya mashtaka ya 1,645,000 ingeweza kuanguka yote, pamoja na ile 480,000 ya kweli. Tume ya Utumishi wa Umma inapopokea rufaa hutazama kama kilichoandikwa kwenye shtaka ndicho kilichothibitishwa. Mtumishi aliyeshtakiwa kwa kiasi kisicho sahihi ana hoja, hata kama mfuko wake haukuwa safi.

Kutokana na zoezi hilo kila kikundi kiandae mpango wa uchunguzi kwenye karatasi moja yenye safu sita: jambo la kuthibitisha, ushahidi unaohitajika, ulipo, atakayeufuata, tarehe, na maelezo mengine yanayowezekana yasiyo ya hatia. Safu ya sita ndiyo huachwa tupu. Mwezeshaji asikubali karatasi isiyo na kitu pale. Pembeni kuwe na daftari la maamuzi: tarehe, tumeamua nini, kwa nini, nani aliamua. Mistari mitatu kwa siku inatosha. Baada ya mwaka, ukiulizwa kwa nini hukumhoji mgambo wa sokoni, kumbukumbu ya kichwani haitakuwa na thamani.

Kwenye ushahidi, anza na vitu vya kawaida. Stakabadhi za POS huchapwa kwenye karatasi ya joto, na maandishi yake hufifia. Ukiiweka juani, ukiifunga kwenye plastiki au kuibandika selotepu juu ya maandishi, baada ya miezi una kipande cheupe. Toa nakala siku hiyohiyo, mwenye stakabadhi asaini nakala, ya asili iende kwenye bahasha ya kaki isiyo na gundi ndani. Bahasha ifungwe, isainiwe juu ya mkunjo na wawili, iandikwe namba, tarehe, saa na ilikopatikana. Kila inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine kuna hati ya makabidhiano, hata kama ni kutoka chumba cha mwenyekiti kwenda cha katibu. Na kamati ya kiutawala haina mamlaka ya kupekua nyumba wala kumnyang'anya mtu simu yake binafsi. Kifaa cha ofisi kiombwe kwa barua. Cha mtu binafsi akitoa mwenyewe, ridhaa iandikwe.

Upande wa kompyuta kosa kubwa ni moyo wa kusaidia. Mtu wa TEHAMA anaambiwa "hebu angalia", anawasha mashine, anafungua mafaili moja moja, na tarehe za kufunguliwa zinaweza kubadilika. Mfundishe atengeneze nakala kamili ya diski kwanza, apige heshi ya SHA-256, alama ya kidijitali inayobadilika data ikiguswa, kwenye ya asili na kwenye nakala, aandike tarakimu na herufi zote 64 kwenye fomu, kisha afanyie kazi nakala tu. Kwa ujumbe wa WhatsApp, picha ya skrini peke yake ni dhaifu. Ionekane namba ya simu na si jina lililohifadhiwa tu, tarehe, na mazungumzo ya kabla na baada. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa namna hii, lakini uzito wake hupimwa kwa jinsi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyotunzwa.

Siku ya tatu iwe ya mahojiano yote, asubuhi hadi jioni. Mtindo unaofaa kufundishwa ni ule uliozaliwa Uingereza na Wales mwanzoni mwa miaka ya 1990, unaoitwa PEACE: kupanga, kufungua kwa kueleza kinachofanyika, kupata maelezo, kufunga, na kujitathmini. Hauna vitisho, na hautafuti kukiri. Kila mshiriki ahoji kwa dakika 40 mtu aliyepewa uhusika, huku wenzake wawili wakihesabu: maswali mangapi yalikuwa ya wazi, mangapi ya kuelekeza, mara ngapi alimkatiza. Matokeo huwa ya aibu kidogo. Wengi huanza na "Si kweli kwamba ulichukua hizo fedha?" badala ya "Nieleze siku yako ilivyokuwa tarehe 16, tangu ulipofungua ofisi." Na wengi hawawezi kunyamaza hata sekunde kumi baada ya jibu, wakati ni kwenye kimya hicho shahidi huongeza lile alilokuwa amelibakiza.

Anza na watu wenye karatasi: mhasibu, mtu wa benki, masijala. Mtuhumiwa aje mwishoni, ukiwa na maswali ya kweli ya kumuuliza.

Kuandika maelezo ni somo peke yake. Shahidi akisema "aliniambia atairudisha mshahara ukitoka", karani mwenye Kiswahili cha ofisini huandika "mtuhumiwa alikiri kutenda kosa". Sentensi hizo mbili hazina uhusiano. Ya kwanza inaweza kuwa mkopo, inaweza kuwa fedha mbichi, inaweza kuwa ahadi ya kumlipia mtu mwingine. Maneno yaandikwe kama yalivyotoka, hata kama sarufi inachechemea. Kama bibi wa Kahama anaeleza vizuri zaidi kwa Kisukuma, mkalimani aandikwe jina na asaini. Mwisho maelezo yasomwe kwa sauti, masahihisho yawekewe saini fupi, kila ukurasa usainiwe, saa ya kuanza, mapumziko na kumaliza zionekane.

Barua isiyo na jina isitupwe kwa kuitwa majungu, na isianzishe kamati peke yake. Ipime: inataja tarehe, kiasi, mahali panapoweza kukaguliwa? Kama ndiyo, kagua hicho kimya kimya kwanza. Kinachokatazwa kabisa ni kulinganisha mwandiko ili kumjua aliyeandika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi tangu 2015, na kiongozi anayeanza kwa kuuliza "nani kasema?" amegeuza uchunguzi juu chini. Ndani ya jalada tumia "Shahidi A", na ufunguo wa majina ukae kwenye masijala ya siri.

Jambo jingine la kuwafundisha wateuzi na mwanasheria pamoja ni muda wa kupeleka jinai polisi au TAKUKURU. Taarifa ya kosa la jinai haipaswi kufichwa. Lakini kifungu cha 37(5) cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinazuia kumwadhibu au kumwachisha kazi mtumishi aliyeshtakiwa mahakamani kwa kosa ambalo kimsingi ni lilelile, hadi kesi na rufaa zake zimalizike. Ofisi isiyolijua hili hujikuta na jalada la nidhamu lililolala miaka huku mtumishi bado yumo kwenye orodha ya mishahara. Mwanasheria alione jalada mapema, nyaraka za nidhamu zinakiliwe kabla za asili hazijachukuliwa, na kila karatasi inayokabidhiwa kwa vyombo vya dola iwe na hati yake.

Siku ya mwisho vikundi viandike taarifa ya kurasa zisizozidi nane na kubadilishana, kila kimoja kikishambulia ya mwenzake kama wakili wa mtumishi. Tafuteni sentensi yoyote isiyo na namba ya folio mwishoni. Tafuteni "inaonekana" na "inasemekana". Tafuteni mahali ambapo utetezi wa mtumishi umetajwa bila kujibiwa. Kipimo cha nidhamu ni uwezekano mkubwa zaidi, si kutokuwa na shaka kama kwenye jinai, ila hata hicho kinataka kuonyeshwa hatua kwa hatua. Kamati iseme shtaka limethibitika au halijathibitika, na adhabu iachiwe mamlaka ya nidhamu.

Miezi mitatu baada ya semina, mwezeshaji aombe vitu viwili tu kutoka ofisini: barua ya mwisho ya uteuzi iliyosainiwa, na ukurasa mmoja wa daftari la maamuzi, majina yakiwa yamefunikwa. Cheti kimeshatundikwa ukutani. Hizo karatasi mbili ndizo za kusoma.