Mkwasi Asiye na Ukwasi

Mama hunipigia Jumapili alasiri, mahamri yakiwa mafutani. Juzi alikuwa amekasirika. Kijana wa benki kamwambia viwanja vyetu vya Mtwapa "havina ukwasi".

"Marehemu babako katuachia viwanja viwili, leo kitoto kije kinambie sina mali?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana neno hilo lilinichoma mimi kwanza. Kwetu Mombasa mkwasi ni tajiri, basi. Watu wa mabenki wamelichukua wakalipa kazi nyingine: wepesi wa mali kugeuka pesa taslimu bila kuuzwa kwa bei ya kutupa. Pesa za M-Pesa zina ukwasi. Unazitoa kwa wakala kabla chai haijapoa. Kiwanja kinangoja mnunuzi, wakili, hati, na ndugu watano wakubaliane.

Mimi hapa Leicester, Uingereza, miaka minne kila pauni iliyobaki iligeuka saruji na mabati Mtwapa. Ghala nililofanyia kazi likapunguza watu, nami nikiwemo. Nina nyumba ya vyumba vitatu pwani, kodi ya chumba kimoja huku sina! Nikakopa kwa kadi, ndipo nikaijua riba juu ya riba: usichokilipa mwezi huu kinaongezwa kwenye deni, na mwezi ujao hicho nacho kinatozwa. Deni la koti la baridi nimelilipa mwaka na zaidi.

"Na hisa za mjombako?" akauliza.

Mjomba alinunua za Safaricom, kampuni ya simu, mwaka 2008, shilingi 5 kila moja. Bei iliposhuka chini ya hapo akaziuza kwa hofu. Baadaye ikapanda mbali sana, na walioshikilia zao wakawa wanapata gawio, yaani fungu la faida ambalo kampuni huwagawia wenye hisa. Hatumtajii hayo akiwa anakula.

Nikamgusia Mama hati za hazina, yaani unaikopesha serikali kwa muda mfupi: siku 91, 182 au 364. Unainunua hati ya shilingi 100,000 kwa pungufu. Siku zikitimia serikali inakulipa 100,000. Tofauti ndiyo faida yako, ikishakatwa kodi.

Mama akafikiri. "Hiyo si riba iliyovaa kanzu?"

Nikamwambia hilo akamuulize shehe, mimi najua hesabu tu.

"Nitamuuliza. Na yule kijana wa benki nitampelekea mahamri. Kumbe hakunitukana."