Ajali Texas: kumpata wakili wa majeruhi na kuusoma mkataba wake

Ukigongwa na gari Dallas au Houston, simu huenda zikaanza kulia ungali hospitali. Anayepiga analijua jina lako na barabara uliyogongwa. Pengine ni Mkenya au Mkongomani mwenzako, katumwa kwa sababu anaongea Kiswahili. Usisaini kitu. Texas, wakili au mtu wake haruhusiwi kumpigia majeruhi ambaye hakumwita, na hata barua za kutafuta wateja haziruhusiwi kabla ya siku ya 31 tangu ajali. Udalali huo wa kesi ni jinai. Aliyesainishwa kwa njia hiyo anaweza kuomba mahakama ivunje mkataba na kumdai mhusika dola 10,000. Ofisi inayoanza na wewe kwa kuvunja sheria haitakuwa safi siku ya kugawa pesa.

Huna haja ya kukimbizwa. Muda wa kufungua kesi ya kuumizwa ni miaka 2. Kinachowaponza watu ni basi la umma au gari la serikali: hapo taarifa ya madai hutakiwa ndani ya miezi 6, na baadhi ya miji imeufupisha zaidi muda huo.

Cha haraka ni matibabu. Mtu akikaa wiki tatu akimeza dawa za maumivu huku akipiga shifti mbili, bima itasema mgongo uliharibikia kazini. Ukisafiri nyumbani katikati ya tiba, watasema umepona. Ripoti ya polisi, iitwayo CR-3, inanunuliwa kwenye tovuti ya idara ya barabara ya jimbo kwa dola 6. Askari ana siku 10 za kuiwasilisha, kwa hiyo usishangae ukiikosa kesho yake. Bima ya aliyekugonga ikiomba kurekodi maelezo yako, hulazimiki kukubali. Hundi ndogo ya mapema huja na karatasi ya kuachilia madai yote, na ukishaisaini, uti wa mgongo ukigundulika umeumia baadaye ni juu yako.

Sasa wakili. Tafuta jina lake kwenye tovuti ya State Bar of Texas: utaona kama leseni ni hai na kama amewahi kuadhibiwa. Mabango ya barabarani hayakwambii hayo. Muulize nani hasa atashika faili lako, kwa maana ofisi nyingi kubwa humwachia karani na wewe wakili humwoni. Kama Kiingereza kinakusumbua, uliza mkalimani analipwa na nani.

Mkataba wa asilimia, yaani wakili analipwa sehemu ya fidia yako, lazima uwe wa maandishi na usainiwe. Kawaida ni theluthi moja kabla ya kesi kufunguliwa, na asilimia 40 ikishafunguliwa. Swali ambalo wengi hawaulizi: asilimia inakatwa kabla au baada ya kutoa gharama? Tuseme fidia ni dola 30,000 na gharama za rekodi na wataalamu ni 1,500. Ikikatwa kabla, wakili anachukua 10,000. Ikikatwa baada, 9,500. Kisha inakuja hospitali. Ukilazwa ndani ya saa 72 tangu ajali, hospitali inaweza kusajili dai juu ya fidia yako. Ikidai 9,000, mkononi unabaki na 9,500 au 10,000. Wakili mzuri hupambana na hospitali ipunguze, na hapo ndipo utamjua. Pia hawezi kukubali kiasi chochote bila idhini yako, hata akisema “ndiyo ofa ya mwisho”.

Kwa nini mfano ni 30,000? Ndicho kima cha chini cha bima ya dereva Texas kwa majeruhi mmoja (60,000 kwa ajali nzima). Aliyekugonga asipokuwa na mali, hata wakili hodari hatakamua zaidi. Inayookoa ni bima yako mwenyewe: kipengele cha dereva asiye na bima ya kutosha, na kile cha PIP (bima ya majeraha yako mwenyewe) kinachoanzia dola 2,500 na kulipa bila kujali mwenye kosa. Vyote viwili unavyo isipokuwa uliviandikia kuvikataa, na wengi walivikataa bila kujua, wakipunguza malipo ya mwezi. Fungua karatasi zako leo.

Kukosa makaratasi ya uhamiaji hakukuondolei haki ya kudai. Mwambie wakili ukweli. Sheria inamlazimu kuutunza.

Ajali ya kazini ina njia yake. Mwajiri binafsi Texas halazimiki kuwa na bima ya wafanyakazi, basi uliza kwanza kama anayo. Akiwa nayo, mpe taarifa ndani ya siku 30 na uwasilishe madai ndani ya mwaka 1. Ada ya wakili haizidi asilimia 25. Akiwa hana, unaweza kumshtaki, naye hawezi kujitetea kwamba na wewe ulizembea.