Historia ya bibi haiandikwi usiku wa msiba

Kwenye misiba mingi ya Tanzania, historia ya marehemu huandikwa usiku wa kuamkia mazishi, na zote hufanana: alizaliwa, akaolewa, akaugua, ameacha watoto 7 na wajukuu 31. Mwanamke aliyeishi karibu miaka tisini anastahili zaidi ya hapo. Ianzeni angali hai, akiwa na nguvu za kuwasahihisha.

Panapokwama kwanza ni mwaka wa kuzaliwa. Bibi wengi wa rika hilo hawana cheti, na tarehe ya kwenye kitambulisho mara nyingi ni ya kukadiria. Msimuulize "ulizaliwa lini?" Muulizeni Uhuru wa Desemba 1961 ulimkuta wapi, na mgongoni alikuwa na mtoto yupi. Akisema wa tatu, bado mchanga, rudini nyuma: watoto wakipishana miaka miwili hadi mitatu, wa kwanza ni wa kati ya 1955 na 1957. Kama alimzaa akiwa na miaka 18 au 19, basi yeye ni wa 1936 hadi 1939. Pimeni tena kwa Azimio la Arusha la 1967, kuhamia vijiji vya ujamaa miaka ya 1973 hadi 1976, na Vita vya Kagera vilivyoanza 1978. Hesabu zikikubaliana, andikeni "takribani 1938". Kwa familia za Kikristo, cheti cha ubatizo cha mtoto wa kwanza hukata ubishi mwingi.

Hesabu hiyo huharibika kwa jambo moja: watoto waliofariki wachanga. Asipotajwa mmoja, bibi anapunguziwa miaka miwili au mitatu bila mtu kujua. Swali hilo aulize binti yake au mjukuu wa kike, wakiwa wawili tu: "Bibi, ulijaaliwa uzazi mara ngapi?" Majina yao yaandikwe. Aliwabeba kama wengine.

Mrekodini kwa simu asubuhi, nusu saa inatosha, redio ikiwa imezimwa. Mpeni kazi ya mkono, maneno hutoka yenyewe. Mchicha unafaa, mchele haufai, kwani mlio wake kwenye ungo humeza sauti. Muulizeni vitu vinavyoshikika: khanga yake ya kwanza iliandikwa nini, unga aliupima kwa kibaba gani, ukunga alifundishwa na nani.

Wajukuu, vitukuu na vilembwe wahesabiwe kwa kupita nyumba kwa nyumba. Wakihesabiwa kwa kukisia, wengine husahauliwa, na hapo ugomvi huanza msibani. Rasimu asomewe dada yake au shoga yake wa ujanani.

Maneno 400 yanatosha kwa dakika tatu au nne. Yachapwe kwa herufi kubwa, saizi ya 16, mistari ikiachana, maana mjukuu atakayesoma atakuwa na machozi.